Leseni Iliyoharibikia Kwenye Pipa la Unga

Vijana wangu, kila mnaponiletea laptopu zenu na kuniambia kwamba programu imekataa leseni, mnaniangalia kama daktari anayetakiwa kutangaza msiba. Programu imekataa, basi. Mnaizima, mnakunywa chai, mnaiwasha tena, na mara nyingi itakuwa imesahau kilichoikasirisha. Mimi nilifanya kazi hii wakati ambapo programu ikikukataa ilikuandikia kwa heshima zote kwamba umpigie simu muuzaji ng'ambo ya bahari, tena saa za kazi za huko kwao. Na wewe uko Kaloleni, kibanda cha simu cha karibu kina foleni, na ukifika mbele ya foleni unakuta mkono wa simu ulishang'olewa.

Kwa wasionijua, naitwa Syombua. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago kule Pumwani, Nairobi, na alitaka niwe karani wa ofisi yenye zulia. Siku moja alinituma mtaa wa Jericho kwa Mzee Odhiambo, fundi wa redio na televisheni, nikachukue televisheni yetu. Haikuwa tayari. Nikakaa nikimtazama akiitengeneza, nikamshikia waya, nikarudi kesho yake, na zulia la ofisi sikulikanyaga tena ila nilipoitwa kutengeneza kitu kilichokuwa juu yake.

Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani mwetu miaka ya tisini, watu wa Eastlands waliamua kwamba kitu chenye kioo ni televisheni tu iliyosoma kidogo. Kwa hiyo zikaletwa kwa Mzee Odhiambo. Yeye akazitazama, akafuta miwani, akazisukuma upande wangu wa meza. Hivyo ndivyo nilivyopata utaalamu.

Shida ya kwanza haikuwa mashine, ilikuwa mlango. Nikibisha, mwenye nyumba anachungulia nyuma ya bega langu.

"Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Sawa, lakini yule mwenyewe atakuja saa ngapi?"

Kuna bwana mmoja wa Buruburu aliyenikaribisha chai ili tumngoje fundi pamoja. Nikanywa. Nilipomaliza chai nikaitengeneza mashine ili kupitisha muda. Akafurahi sana, kisha akaniuliza kama bado kuna haja ya kuendelea kumsubiri. Nikamwambia hapana, huyo amechelewa mno.

Mnataka kujua leseni zilikuwaje. Nyingine zilikuwa nambari ndefu iliyobandikwa kwenye boksi. Nyingine zilikaa ndani ya disketi, kile kibapa cha plastiki mnachokiona sasa kama picha tu ya kubonyeza mnapohifadhi kazi. Usipoitia hiyo disketi kwenye mashine, programu haifunguki. Shemasi mmoja wa mtaa wa Umoja aliambiwa na muuzaji kwamba disketi ile ndiyo leseni yake, aitunze kama cheti. Basi akaitunza kama cheti. Aliipeleka kwenye duka la fotokopi ikatiwa plastiki kwa mashine ya moto, kama vyeti vya ubatizo vya watoto wake. Aliponiletea ilikuwa imekunjamana, imemetameta, na haingii popote. Akanilalamikia kwamba wazungu hutengeneza vitu visivyostahimili kutunzwa.

Na kulikuwa na kijana wa Kayole aliyepata programu ya kujaribu kwa mwezi mmoja. Mwezi ukikaribia kwisha alikuwa anarudisha saa ya kompyuta nyuma, anaanza mwezi upya. Alijiona mjanja kuliko kampuni yote. Tatizo ni kwamba programu ile ilikuwa inaandika tarehe yenyewe juu ya kila barua. Akapeleka maombi ya kazi yenye tarehe ya kabla hajafanya mtihani aliokuwa anajivunia katika barua hiyo hiyo. Aliitwa kwenye mahojiano, lakini nadhani walitaka tu kumwona.

Nacheka, lakini visa hivyo ndivyo vilivyonifundisha jambo ambalo hamlipati kwenye video zenu. Leseni ikikataa, kwanza tazama saa ya mashine. Nambari huja mwisho. Programu nyingi za wakati ule hazikuwa na njia ya kumuuliza mtu yeyote kama wewe ni halali. Ziliangalia tarehe, zikalinganisha na siku zilipoingizwa kwenye mashine, zikapiga hesabu. Tarehe ikiwa ya ajabu, zinakuita mwizi.

Jambo la pili nilifundishwa na Mzee Odhiambo, ambaye aliniita nyar Ukambani, binti wa Ukambani, hadi siku niliyomwacha.

"Nyar Ukambani," aliniambia, "mashine itakuambia imeharibika. Mwenye nyumba ndiye atakayekuficha imeharibikaje. Anza na yeye."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka na wateja. Kumbe ndiyo kazi yote.

Sasa, kabla sijafika kwa mteja wangu mmoja, Mzee Jairo, lazima niwaeleze kitu ambacho nyinyi mtadhani nakitunga. Zamani zile ukiwa na televisheni ulitakiwa kuwa na kibali chake. Wakaguzi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza. Na estate nzima, watu waliokuwa wakipiga kelele za bao jana yake hadi mabati yakatikisika, asubuhi hiyo walikuwa hawajawahi kusikia kitu kinaitwa televisheni. Wakaguzi wakionekana mwisho wa barabara, antena zinashuka kutoka kwenye paa, televisheni zinaingia chini ya vitanda, na watoto wanafunzwa kusema sisi hapa tunasikiliza nzi tu. Nilizitengeneza televisheni nyingi zenye vumbi la chini ya kitanda, na Mzee Odhiambo hakuwahi kumuuliza mtu limetoka wapi.

Asubuhi moja Rasoa aliingia dukani kwetu bila hata kufunga mwavuli. Binti huyo wa Mzee Jairo alikuwa mpiga chapa, msichana mpole ambaye kwa kawaida husalimia hadi viti.

"Sasa, Fundi. Naomba twende saa hii. Ile kompyuta ya kwetu imegoma, na isipofunguka leo Baba atatolewa kwa nyumba."

Nikamwambia akae, anieleze polepole. Akakataa kukaa, lakini alieleza.

Mzee Jairo alikuwa Mmaragoli aliyestaafu kiwandani Industrial Area. Nyumba yake ilikuwa katika estate moja ya zamani karibu na korti za Makadara, na alikuwa ameishi humo tangu kabla Rasoa hajazaliwa. Kisha akatokea tajiri mmoja mwenye gari refu na hatimiliki mpya, akasema nyumba ile na ile ya jirani ni zake, na watu waliomo watoke. Miaka ile mambo hayo yalikuwa ya kawaida. Unaamka unakuta uwanja wa watoto una ua wa mabati na mlinzi. Wakili kijana wa kanisani kwao alijitolea kumtetea Mzee Jairo, na korti ilikuwa imempa mzee hadi siku hiyo, kabla masjala haijafungwa, kuwasilisha hati ya kiapo ya kueleza alivyoingia nyumba ile na alivyoilipia. Asipoiwasilisha, yule tajiri angepewa amri ya kumtoa.

Hati ilikuwa tayari. Rasoa aliipiga chapa mwenyewe katika kompyuta ya nyumbani, wakili akaipitia neno kwa neno na kuichafua kwa wino mwekundu, Rasoa akaingiza masahihisho yote. Ilibaki kuichapisha tu. Na sasa programu haifunguki, inasema leseni si halali.

"Ungeitoa kwa disketi, ukaipeleke bureau ya kupiga chapa pale Jogoo Road," nikamwambia.

"Nimetoka huko. Programu yao si kama yetu. Ilionyesha vichwa vinacheka na makopa ya karata. Yaani Baba anafukuzwa na kompyuta inamcheka."

"Na muuzaji?"

"Nimempigia. Anasema nilete mashine, halafu tungoje wiki moja, aulize ng'ambo kama sisi ni halali."

Nikachukua mfuko wangu wa bisibisi. Njiani hata mimi sikuwa na mzaha siku hiyo, mjue mambo yalikuwa mazito.

Mzee Jairo alikuwa amevaa koti na tai tayari kwa korti, amesimama sebuleni kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mkewe alikuwa kwenye kochi, ameshika kitambaa cha kufuma ambacho kwa kawaida hufunika kompyuta. Kila kitu katika nyumba ile kilikuwa na kitambaa: viti, redio, thermos. Nilijiuliza kama hata Mzee Jairo hufunikwa akilala.

"Mulembe, mama," akanisalimu. "Fundi anakuja?"

"Amefika, mzee."

Akatazama mlango. Nikamwacha autazame.

Kioo kilikuwa na maandishi makali: leseni haitambuliki, ingiza nambari. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na onyo kwamba nafasi iliyobaki ni moja. Ukikosea hiyo, au ukiifungua programu upya ikakataa tena, inajifunga kabisa hadi muuzaji aje aifungue. Nafasi za kwanza zilikuwa zimeshatumika.

"Nani aliingiza nambari?" nikauliza.

Rasoa akamtazama baba yake. Baba yake akatazama kalenda.

"Iliniuliza, nikaipa," akasema Mzee Jairo mwishowe. "Mtu akikuuliza nambari kwa adabu, unampa."

"Ulimpa ipi?"

"Ya kipande, ile ya kitambulisho changu."

"Na ilipokataa?"

"Nikampa ya kazi. Ile ya kiwandani. Hiyo haijawahi kukataliwa na geti lolote."

Hapa naomba msimcheke sana, kwa sababu nimewaona na nyinyi mkiingiza tarehe ya kuzaliwa ya mpenzi wenu kila mnapoulizwa nywila. Lakini nilitamani kukaa chini nicheke vizuri, na sikuwa na nafasi hiyo. Familia nzima ilikuwa imebakiza jaribio moja, na mtu pekee aliyekuwa na nambari nyingine ya kutoa alikuwa mzee mwenye daftari la kanisa, kadi ya kliniki na funguo zenye nambari.

"Mtu asiguse kibodi," nikasema. "Hata kwa kuomba."

Nikatoka kwenye programu, nikaenda kwenye kile kioo cheusi cha kuandikia amri, nikaiuliza mashine leo ni tarehe ngapi. Ikanijibu bila aibu kwamba ni Januari, mwaka wa elfu moja mia tisa na themanini.

Nikapumua. Kwa fundi, hiyo ni habari njema. Rasoa alikuwa amenunua programu ile mwaka uliopita tu. Sasa programu inaamka, inaona ni mwaka ambao yenyewe haijatungwa, na inaambiwa leseni yake ni halali. Ingekubali vipi? Hata wangeingiza nambari sahihi kutoka mdomoni mwa mwenye kampuni, ingekataa. Ugomvi haukuwa juu ya nambari.

Lakini saa ile ilipotelea wapi? Mashine za aina ile zilikuwa na betri ndogo imechomelewa kwenye bodi, ya kutunza saa umeme ukizimwa. Betri hiyo hujichaji mashine ikiwashwa. Mashine inayotumika haipotezi saa. Inayolala wiki nyingi bila kuwashwa inapoteza, na Rasoa aliniambia njiani kwamba yeye huitumia karibu kila siku. Mmoja wao alikuwa ananificha kitu, na nikakumbuka maneno ya Mzee Odhiambo.

"Mzee, mashine hii hukaa wapi?"

"Hapa."

"Hapa mezani?"

"Hapa hapa. Haijawahi kutembea."

Mkewe akaanza kukunja kile kitambaa kwa uangalifu mkubwa. Nikaizima mashine, nikafungua kifuniko. Ndani yake kulikuwa kumejaa unga wa mahindi. Ulikuwa kwenye kila pembe, umelala juu ya nyaya, umejaza feni. Na kulikuwa na dumuzi mmoja anatembea juu ya bodi kwa utulivu wa mtu aliyelipa kodi.

"Na huu, mzee?"

Mzee Jairo akainama, akautazama vizuri. "Ni vumbi. Nairobi ina vumbi sana."

"Vumbi jeupe?"

"Upande huu ni jeupe."

Nikachota kidogo kwa kidole, nikamwonyesha mkewe. Yeye akaweka kitambaa chini.

"Jairo, sema," akasema. "Mimi nimechoka kuchota unga nikikwaruza chuma."

Rasoa alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ndipo ikatoka. Tangu fununu za wakaguzi wa vibali zilipoanza, Mzee Jairo aliamua kwamba kioo cha kompyuta ni televisheni ya pili. Hakuna mkaguzi ambaye angemwamini akisema ni ya kuandikia barua. Rasoa alipokwenda Vihiga kumuuguza nyanya yake kwa wiki nyingi, baba yake aliweka kioo chini ya kitanda pamoja na televisheni, na kile kisanduku chenyewe, akili yote ya mashine, akakisimamisha ndani ya pipa la unga, akakifunika gunia, na juu ya gunia akamwaga unga. Usiku kabla Rasoa hajarudi alikitoa, akakipangusa, akakirudisha mezani na kitambaa juu yake. Rasoa aliingiza masahihisho ya wakili mchana wa siku iliyotangulia kuniita, betri ikiwa inakata roho, haijichaji tena. Waliizima usiku, na asubuhi saa ikawa imekufa.

Niliwahi kuchukia wateja waongo. Siku hiyo sikuweza. Mzee yule alikuwa ametumia akili zake zote kulinda televisheni moja na kompyuta moja dhidi ya karani mwenye kitabu cha risiti. Na yule aliyekuwa anakuja kumchukulia nyumba nzima alikuwa na kila karatasi. Zake zilikuwa na mihuri, zilipigwa chapa vizuri, na hazikukataliwa katika ofisi yoyote aliyopita. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilikasirika hadi bisibisi ikateleza.

Nikapuliza unga, nikamtoa dumuzi, nikawasha. Nikaandika tarehe ya siku hiyo na saa. Nikafungua programu bila kugusa ile nafasi ya mwisho. Ikafunguka kimya, kama kwamba haikuwahi kumtukana mtu. Hati ikatokea mbele yetu, jina la Mzee Jairo juu kabisa.

"Baba, ona," Rasoa akasema, akaanza kulia kidogo.

"Usilie juu ya kibodi," nikamwambia. "Na sikilizeni nyote. Betri haina nguvu. Saa hii inaishi kwa umeme wa ukutani tu. Hii mashine isizimwe hadi karatasi ya mwisho itoke. Mnanisikia?"

Wote wakaitikia kama kanisani.

Printa ikaanza. Nyinyi hamjui printa zile. Zilikuwa zinagonga herufi moja moja kwa sindano, kwa kelele ya mtu anayekwaruza sufuria kwa hasira. Ukurasa wa kwanza ukatoka, wa pili, mwingine. Mzee Jairo alizipokea kwa mikono miwili. Nusu ya hati ilikuwa imetoka, mstari ukiwa katikati, tuliposikia mlango unagongwa kwa nguvu.

"Hodi. Fungueni. Natoka ofisini."

Nilikuwa naongea na Rasoa, nikageuka, na kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mzee Jairo alikuwa ameng'oa plagi. Mkewe alikuwa ameshatupa shuka juu ya kioo, na printa ilikuwa imevikwa karai. Walifanya hivyo bila kutazamana, bila neno, kama watu wanaocheza wimbo waliouzoea. Kisha wote wawili wakasimama mbele ya shuka, wakitabasamu kuelekea mlangoni.

Rasoa ndiye aliyefungua. Aliyebisha alikuwa karani wa wakili wao, amekuja kuchukua hati aipeleke masjala.

"Baba," Rasoa akasema, na sauti yake haikuwa ya kupiga kelele, "umetumaliza."

Mzee Jairo alitazama ile plagi mkononi mwake. Alikuwa mtu mrefu, na niliona anakuwa mfupi. Aliketi kwenye mkono wa kochi. Mkewe akamwondolea karatasi mkononi zisikunjike.

Rasoa, kwa hofu, akairudisha plagi, akawasha, akaanza kuandika jina la programu haraka haraka. Nikamkamata mkono kidole kikiwa juu ya kile kitufe cha mwisho. Mashine ilikuwa imerudi mwaka wa themanini. Angebonyeza, ile nafasi ya mwisho ingekwenda, na hakuna bisibisi ambayo ingetusaidia. Alipoelewa, aliinuka akaniachia kiti.

Nikaandika tarehe upya. Programu ikakubali. Nikamgeukia Mzee Jairo.

"Mzee, njoo ukae hapa."

"Wapi?"

"Hapa chini, uegemee hii soketi. Mtu yeyote akibisha, hata akiwa ni Rais, wewe hutoki."

Akaja na koti lake na tai yake, akakaa sakafuni, mgongo juu ya plagi. Karani wa wakili alitaka kuuliza jambo, akaona nyuso zetu, akaacha. Tukachapisha kurasa zilizobaki, na wakati wote ule mzee hakugeuza hata shingo. Ukurasa wa mwisho ulipotoka nilimwona anafumba macho.

Korti haikuwa mbali. Walikwenda kwa miguu, karani mbele, Rasoa na baba yake nyuma, mzee amekumbatia bahasha kifuani. Mimi nilibaki na mkewe. Alinipikia ugali wa unga ule ule wa pipa, na sikuthubutu kuukataa. Walirudi jioni. Hati ilipokelewa. Rasoa alisema karani wa masjala aliuliza alama nyeupe za vidole pembeni ya karatasi ni za nini, na baba yake akamjibu ni unga, na yule akagonga muhuri hapo hapo juu yake.

Wiki chache baadaye korti ilitoa amri kwamba Mzee Jairo asitolewe nyumbani hadi kesi iamuliwe. Kesi zenyewe mnazijua. Ile iliendelea hadi yule tajiri akapata mahali pengine pa kunyakua.

Nilikwenda tena kumwekea betri mpya. Nilikuta kompyuta iko mezani bila kitambaa, na televisheni iko mahali pake. Nikachomelea betri, nikaweka saa, nikamwonyesha Rasoa jinsi ya kuitazama kila mwezi. Mzee Jairo alikuwa ananitazama. Nikamtania, nikamuuliza pipa sasa linatunza nini.

"Unga," akasema. "Mama, televisheni niliweza kuiingiza chini ya kitanda. Hii nikaiingiza kwa pipa. Siku ile nimeketi pale chini, nikajiuliza, nyumba ningeiingiza wapi?"

Bado nilikuwa nakusanya vifaa mlango ulipogongwa, kwa ile sauti ya watu wa ofisi. Mkewe alishaanza kuinuka, mkono umeelekea kwenye shuka. Mzee Jairo akamwashiria akae. "Leo hatufichi kitu," akasema. Alichukua ile amri ya korti kutoka juu ya redio, akaifungua vizuri, akavaa koti, na akaenda kufungua mlango mwenyewe.